Mabomba Manne, Mlio Mmoja

Msamvu, Morogoro
15 Machi 1992

Mdogo wangu Semeni,

Salamu hizi zimeandikwa na mtu aliyefunga, kwa hiyo zina thawabu ndani yake. Usizimalize peke yako, mgaie na mama. Shikamoo yangu umpelekee mpaka pale alipokaa, usimpigie kelele kutoka jikoni. Mimi mzima. Wifi yako Hafidha mzima, anasema nimekonda, mimi nasema nimechongeka. Watoto wanakula daku na mchana wanakula tena, wanasema wanafunga mara mbili.

Sasa tuje kwenye kiini. Honda ya mjomba imefika salama. Siku ile ya arobaini ya marehemu, nilipoondoka nayo imelazwa juu ya lori la ndizi kama maiti ya tajiri, mliniona nimenyamaza mkadhani ni huzuni. Huzuni ilikuwepo, sikatai. Lakini pia nilikuwa naangalia silinda. Nne, Semeni. Zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Mimi nimekaa Dar, nimekaa Tanga, nimekanyaga Lusaka nikalala Ndola, na pikipiki ya silinda nne nimeona mbili tu maishani: moja ilikuwa imebeba askari mbele ya msafara, nyingine ndiyo hii aliyoachiwa mjomba na yule Mgiriki wa shamba la mkonge.

Injini haijafa. Nilimimina mafuta kwenye matundu ya plagi, nikaipa muda, nikaisukuma, ikajigeuza kama mzee anayeamshwa. Kilichokufa ni ekzosi. Zilikuwa nne, kila silinda na bomba lake na sailensa yake, mbili kulia mbili kushoto. Kutu imekula zote. Niligusa moja kwa kidole, kidole kikatokea upande wa pili. Panya wamezalia humo tangu vita vya Kagera, petroli ilipoadimika mjomba akaiegesha.

Na mpya hakuna. Siku hizi za ruksa mjini kuna kila kitu, kuna mpaka maua ya plastiki kutoka Dubai, mtu ananunua ua lisilonukia huku nyumba yake imezungukwa na maua. Lakini ekzosi ya Honda ya mwaka sabini na moja hakuna. Basi nitaibuni mwenyewe. Mabomba manne yatoke kwenye injini, yashuke, yapite chini ya tumbo, yakutane yawe bomba moja nene, litokee nyuma upande wa kulia. Waendesha mbio wa Japani ndivyo wanavyofanya. Nimeona kwenye kalenda kwa kinyozi, nikamwambia anyoe taratibu nisome vizuri.

Idi itanikuta huko kwenu. Mtanisikia tangu Mkuyuni.

Kaka yako Stambuli,
Fundi Mkuu, Mkurugenzi na Mlinzi wa Stambuli Enjiniaring


Vuleni, Kinole
12 Aprili 1992

Kaka Stambuli, shikamoo.

Barua yako imenifikia kwa mkono wa Asia muuza ndizi. Aliisahau chini ya tenga mpaka Idi ikapita. Kwa hiyo ahadi yako ya kuja Idi nimeisoma baada ya Idi, nikaokoka na kusubiri.

Sisi tupo. Mvua inanyesha kama inalipwa. Mama miguu inamkatalia kushuka mtoni, lakini mdomo unamkubalia kila kitu. Shikamoo yako nilimpelekea mpaka alipokaa. Akasema, "Marahaba. Mwambie hii iliyopanda na tenga la ndizi sitaki nyingine, nataka ya mdomoni." Asia anasema kile kiwanda ulichokuwa unachomelea kimefungwa. Wewe ulituambia umeacha kazi ujitegemee. Haya, mliachana. Msalimie wifi.

Kaka, nakuandikia jambo ambalo siku ya arobaini hukutupa nafasi ya kulisema. Wazee walikuwa wamekutandikia mkeka. Kigoda cha mjomba kilikuwa juu yake na kofia yake. Ulikaa pembeni ukala pilau, ukaenda kwenye banda kuangalia pikipiki, ukarudi na mafuta mikononi, ukaaga. Mzee Mwinjuma alibaki na unga wa tambiko kiganjani mpaka ukamlowa.

Sitakufundisha ukoo wako. Lakini nimeona nikukumbushe, maana mjini mnasahau. Jina la Lukumbi, lile la mkuu wa ukoo anayeshika ardhi yetu, halishuki kwa mtoto, linashuka kwa mpwa. Mjomba alilipata kwa mjomba wake. Sasa dada wa mjomba ni mama yetu tu, na mama ametuzaa wawili tu, wewe na mimi. Yusuph ni mtoto wa mjomba, tunampenda, lakini yeye ni wa ukoo wa mama yake. Anajua. Hata hivyo amekwisha kumwonyesha mfanyabiashara mmoja wa mjini lile shamba la iliki la kule mtoni. Alipoulizwa, alisema, "Lukumbi hayupo. Nani wa kunikataza?"

Umechukua pikipiki. Jina limebaki kwenye mkeka. Utakuja lini?

Mdogo wako,
Semeni


Msamvu
3 Mei 1992

Semeni mama,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Pole na mvua. Huku nako maji yameingia karakana, nyundo zangu zinaogelea. Kwa mkono wa Asia pokea sukari na kanga mbili, moja ya mama, moja yako. Ile yenye maandishi ya ukali ni yako.

Kwanza nikupe habari ya mkosi. Nilianza na mabomba ya maji, yale meupe ya kung'aa, nikaona yatapendeza. Kumbe ule weupe ni zinki, ukiuchomelea unatoa moshi wa manjano wenye roho mbaya. Nilivuta asubuhi, jioni nikatetemeka kama nina malaria saba. Hafidha alininywesha maziwa huku ananisema. Nilikuwa naijua hiyo hatari, nimewahi kuwaonya watu wengi. Ila haraka, Semeni. Siku hizi kitu kinaniwasha nyayo, nikikaa nasimama, nikisimama natembea mpaka stendi kuangalia mabasi ya watu wengine yanakwenda wapi.

Na huko stendi ndiko nilikopata dawa. Kuna basi bovu limelala nyuma ya gereji, juu lina keria ya mabomba ya chuma, inchi moja na nusu, unene sawasawa. Nimeikata keria yote. Chuma hicho kimefika Mbeya na Songea na Kigoma, kimezoea safari.

Namna ya kukunja ni hii, umweleze mama, atapenda maana ni kama kupika. Unachota mchanga wa mtoni, unaukaanga kwenye karai mpaka ukauke kabisa. Ukibaki na unyevu, bomba litalipuka likutoe meno. Unaushindilia ndani ya bomba, unaziba huku na huku kwa vigingi vya mti, unatia bomba kwenye makaa mpaka liwe jekundu, kisha unalikunja taratibu. Mchanga unalizuia lisibonyee. Kabla ya hapo nimekunja waya laini kwanza, nikaupitisha njia ninayotaka bomba lipite, ndiyo ramani yangu.

Sasa siri kubwa. Mabomba yote manne lazima yawe na urefu sawa. Silinda hazitoi moshi pamoja, zinapokezana. Ni kama watu wanaotoka mlango mmoja wa msikiti: kila mmoja akitoka kwa zamu yake, yule wa mbele anamvutia njia wa nyuma. Bomba moja likiwa fupi, mmoja anatoka mapema, wanagongana mlangoni, pikipiki inakohoa. Silinda za katikati zipo karibu, za pembeni zipo mbali, kwa hiyo yale ya katikati inabidi uyazungushe yapoteze muda njiani. Hesabu hiyo mtu wa darasa la sita ameifanya kwa chaki sakafuni.

Barabara ikikauka nitapanda. Ile habari nyingine ya wazee nimeiona. Wasalimie sana.

Kaka yako


Vuleni
29 Mei 1992

Kaka, shikamoo.

Sukari imefika, kanga zimefika. Yangu imeandikwa "Usinione kimya." Ya mama imeandikwa "Mama ni mama," akasema fundi wa maneno alichoka alipofika kwake. Jirani yetu Filomena, yule mwalimu aliyehamia kutoka Mahenge, amejifungua msichana. Ndizi zinaoza njiani kwa matope.

Nimemsomea mama barua yako yote. Alinisimamisha kwenye mchanga wa kukaanga akacheka. Nilipomaliza akauliza, "Na kuhusu kaka yangu?" Nikageuza karatasi nyuma kutafuta. Kaka, umeandika mchanga, umeandika makaa, umeandika zinki, umeandika stendi. Jina la Lukumbi hujaliandika hata mara moja, wala katika hii wala katika ile ya kwanza.

Nikuambie na la pikipiki yako, usije ukasema sikukujali. Bomba la kupita chini ya tumbo litabaki Mkuyuni. Hukumbuki barabara? Mvua imechimbua mawe, mengine yamesimama katikati kama wanaokungoja. Nilipokwenda kumwona Filomena zahanati nililiangalia lile la kwenye kona kabla ya daraja, linanifika chini kidogo ya goti. Mgiriki na mjomba walikuwa na mabomba ya pembeni, ndiyo maana walipita. Wewe umechora ekzosi ya lami.

Jambo lenyewe ni hili. Jumanne iliyopita yule mfanyabiashara alikuja na kamba na vigingi. Wakapima shamba la iliki, wakapigilia, Yusuph anawashikia kamba. Walipokwenda kunywa chai nilikwenda nikaving'oa vyote, mchana, watu wanaona. Yusuph akarudi. Hakunigombeza hata. Aliniuliza kwa upole, "Semeni, unang'oa kama nani?"

Nilisimama na vigingi mkononi kama mwizi wa kuni, kaka. Mpunga wa Dakawa watu wanaulinda ndege wasiule, sisi shamba la bibi zetu halina hata wa kusema hapana.

Njoo. Hata kwa miguu.

Semeni


Msamvu
21 Juni 1992

Semeni mama,

Idi kubwa imepita, nyama tumekula, mimi ndiye niliyechinja na Hafidha ndiye aliyelalamika. Shikamoo ya mama ipo humu ndani, ikunjue taratibu. Hongera kwa Filomena.

Habari ya vigingi imeniuma. Yusuph mwambie nikija nitamkunja bila kumtia mchanga.

Na mawe umenishinda, nakiri. Ekzosi ya tumboni ilikuwa imekamilika, nzuri, watu wanakuja kuipiga picha. Niliivua nikaikata. Hafidha aliposikia msumeno alitoka nje akasema, "Stambuli, kitu kikikamilika kwako kina kosa gani?" Sasa nimeipandisha juu. Mabomba mawili yanapita kulia kwa paja, mawili kushoto, yanapanda, yanakutana nyuma chini ya kiti, yanakuwa moja. Jiwe lolote la Kinole litayatazama kwa mbali. Paja langu limeungua siku ya kwanza, nikayaviringishia ile kamba ya kuzuia moto ya kwenye maboila, ninayo tangu zamani, usiulize. Sailensa nimetengeneza: bomba lenye matundu ndani ya bomba zima, katikati nimejaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Soko zima la Morogoro wanawake hawana cha kusugulia.

Nikaiwasha. Semeni, mimi nimesikia meli ikipiga honi Tanga, nimesikia treni ya Zambia ikipanda mlima. Hii haikupiga kelele, iliunguruma chini kwa chini, mabomba manne mlio mmoja, kuku wa jirani wakalala chini. Askari wa barabarani alinisimamisha Msamvu, akaizunguka mara mbili, akasema, "Hii ina kibali?" Nikamwambia, "Afande, kibali cha nini, unaisikia." Akaniambia niiwashe tena, siyo kwa kosa, alitaka kusikia.

Tangu hapo sikai. Nimekwenda Mzumbe nikazunguka mbele ya wanachuo nikarudi. Nimekwenda Dakawa, lami imenyooka, nikaifungulia mpaka machozi yakaenda masikioni. Nimekwenda Mikumi nikaangalia twiga, twiga wakaniangalia. Juzi nilianza safari ya kwenu. Nilifika Kiroka. Hapo ikaanza kukohoa, bomba la pili nadhani ni fupi kwa nukta, nikaona nisijitie aibu mlimani, nikageuza.

Nikirekebisha hilo tu, nakuja.

Kaka yako


Vuleni
12 Julai 1992

Kaka, shikamoo.

Mama mzima. Mtoto wa Filomena anacheka. Salamu zimekwisha, leo sina nyingi.

Asia alikuwepo Kiroka siku hiyo. Anasema pikipiki haikukohoa. Anasema ulikaa kwenye mkahawa, ukanywa chai, ukaagiza nyingine hukuinywa, ukawa unautazama mlima kama unadaiwa nao. Kisha ukaiwasha mara moja tu ikakubali, ukarudi ulikotoka. Alikuita, hukusikia kwa huo mlio wako.

Sikulaumu kwa kuogopa. Ninakulaumu kwa kuisingizia ekzosi.

Nami nitakuambia nilichokuwa sikuambii, maana nilidhani unajua na huenda unajua. Mjomba hakuiegesha Honda kwa sababu ya petroli. Petroli alikuwa nayo, pipa zima, aliigawa kwa mashine ya kusaga. Aliiegesha siku aliyopewa jina. Mimi nilikuwa msichana, nilimshikia taa bandani. Alitoa ufunguo akauchomeka ukutani kwenye udongo. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Lukumbi ni mtu wa kukutwa nyumbani. Mtu akipanda mlima na ugomvi wake asikute vumbi langu." Na alikuwa akienda Dar mara tatu kwa mwezi, yule. Alikuwa kama wewe.

Kwa hiyo najua unachokikimbia. Siyo kazi, kazi huogopi. Ni kukaa.

Sasa sikiliza. Wazee wamechoka. Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya sala, mkeka unatandikwa na atapewa mtu jina siku hiyo hiyo. Yule mfanyabiashara naye anarudi siku hizo hizo na karatasi. Mzee Mwinjuma ameniuliza jambo, nami nimekataa kumjibu mpaka kwanza nipate barua yako. Usiniulize ameniuliza nini.

Niandikie neno moja, utakuwepo au hutakuwepo. Mchanga na waya acha.

Semeni


Msamvu
24 Julai 1992

Semeni,

Nitakuwepo.

Hafidha ameninyooshea kanzu. Bomba la pili halikuwa fupi, nimelipima tena, yote sawa. Mwambie mama asikilize tangu saa nane.

Kaka yako


Vuleni, Kinole
9 Agosti 1992

Stambuli,

Leo sikuanza na shikamoo, utaona kwa nini.

Mama anakusalimia. Amesema nikuandikie hivyo kabla ya yote, kwamba anakusalimia.

Ijumaa ile watu walikuwa wengi. Fatiha imesomwa, Mzee Mwinjuma ana unga mkononi, kigoda kipo mkekani. Yusuph amekaa na yule mgeni wake wa mjini mlangoni kwa wajina wako, yule fundi cherehani, wanasubiri tushindwe. Mzee aliuliza, "Mtoto wa dada yuko wapi?" Na wakati ule ule tukakusikia.

Ulisema kweli. Tulikusikia tangu Mkuyuni. Ulikuwa unakuja kwa mbali kama mvua ya upande mwingine wa mlima, unapotea kwenye makorongo unatokea tena, kila ukitokea umekuwa mkubwa zaidi. Watoto walisimama. Wazee waliokuwa wakimsikia mjomba enzi zake walitazamana. Mama alijifunika uso kwa ile kanga yako akasema, "Huyo." Hata mgeni wa Yusuph alishusha karatasi zake.

Ukafika darajani. Ukazima.

Tukasema anapumzisha injini. Tukasema anavaa kanzu. Mzee Mwinjuma akasema tumpe nafasi. Unga ukamlowa tena kiganjani. Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni mwa mkeka, nikawa nasikia mto tu na mbuzi wa Filomena.

Kisha ukawasha. Na mlio haukupanda. Tuliusikia ukishuka, Stambuli, wote, ukoo mzima na wageni. Kona kwa kona, kila mtu anajua ni kona ipi, mpaka ukaisha. Ungekuja na baiskeli tusingejua kitu, ningewadanganya kwamba unaumwa. Umetengeneza ekzosi inayosema kweli kukuzidi.

Mzee aliniangalia. Lile swali alilokuwa ameniuliza ni kama nitakubali kukaa mimi. Mara mbili zilizopita nilimwambia tumngoje kaka. Safari hii nilikuwa sina la kusema, na mtu asiye na la kusema hukaa chini. Nikakaa kigodani. Kofia ya mjomba inanizidi, inanifika masikioni. Wapo waliong'ung'unika kwamba mwanamke. Mzee akawauliza wao wametoka kwenye tumbo la nani. Akaninyunyizia unga.

Nilipoinuka nilikwenda moja kwa moja mlangoni kwa fundi cherehani. Nilimwambia yule mgeni shamba haliuzwi, arudishe kamba zake. Yusuph akaniuliza swali lile lile, kama nani. Nikamwambia.

Kwa hiyo sasa mimi ndiye Lukumbi. Mama ananiita kaka, nikicheka ananikanya. Na wewe, kwa jina hili, ni mpwa wangu. Hukuniomba radhi na sitaki uniombe, nilichokuwa nakitaka kwako nimekichukua. Ila jina lina amri, nami naitumia ya kwanza kwako. Yusuph amenishtaki kwenye baraza la kata Mkuyuni. Kesi ni Jumatano tarehe mbili Septemba. Miguu ya Lukumbi haipaswi kuchelewa kwa sababu ya lori la ndizi. Utakuja na Honda ya mjomba utanipeleka, na utanirudisha jua halijazama, maana mimi ni mtu wa kukutwa nyumbani.

Lukumbi


Msamvu
23 Agosti 1992

Mjomba, shikamoo.

Nimeandika hivyo nikakaa kuliangalia hilo neno robo saa, Hafidha akadhani nimepata msiba. Nikamsomea. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akaniambia, "Sasa umepata mtu wa kukukalisha." Anakusalimia, anauliza wifi akiwa mjomba wa mume anaitwaje. Sina jibu, nimesoma darasa la sita.

Shikamoo mama, na hiyo siyo ya kwenye tenga, nitairudia kwa mdomo.

Pale darajani sina cha kukueleza kitakachokuridhisha. Nilizima nikasikia jinsi mlivyonyamaza. Nimezoea watu wanipigie kelele, ninajua la kufanya. Mkiwa mmenyamaza namna ile, watu wote wale, mnangoja mimi nikae sehemu moja mpaka nife, miguu ilikataa. Kanzu nilikuwa nimevaa. Niliporudi nilipitiliza Msamvu nikaenda mpaka petroli ikaisha, nikaisukuma.

Sasa amri yako. Nimeichukua ekzosi nimeikata tena. Usishtuke. Nilikuwa nimeitengeneza kwa mtu mmoja, mabomba mawili kulia, mawili kushoto. Lakini wewe utakaa upande, miguu yote kushoto, na kanga. Bomba la silinda ya kwanza lingekuchoma tangu kona ya mwanzo, na sitaki baraza la kata limwone Lukumbi anachechemea. Kwa hiyo nimeyahamisha yote manne yapite kulia. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya na sisemi kwa kujisifu, au ndiyo nasema. Yale ya kushoto yanavuka mbele ya injini, na yale ya kulia nimeyazungusha mara mbili ili yasiwahi. Yote urefu mmoja. Nimekuwekea na pa kukanyagia, ubao nimeuvika raba ya tairi, na kiti nimemwomba fundi wa makochi akiongeze sponji.

Jana nilimpakia Hafidha kwa majaribio, kakaa upande vile vile, tumekwenda Bigwa na kurudi. Aliposhuka nilimwangalia miguu kabla ya uso. Haina hata alama. Akaniuliza, "Mbona hukwenda kasi?" Nikamwambia najifunza.

Nyuzi za chuma kwenye sailensa sijaongeza. Mlio ni ule ule, mtanisikia tangu Mkuyuni, watanisikia na waliokuwepo siku ile, wacha waniseme. Hiyo ni haki yao.

Nitakuja Jumanne nilale, ili Jumatano tuwahi. Nikifika darajani nitazima, nakuambia mapema. Kile kilima cha mwisho siwezi kukupandia na kelele mlangoni kwako kabla hujaniruhusu. Mwambie mama asihuzunike ukimya ukirefuka. Nitakuwa napanda kwa miguu.

Mpwa wako,
Stambuli